Gitaa mgongoni, viza ya utalii mfukoni: shoo za ugenini hupatikanaje?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: mimi ni mwanamuziki, niko nchi ya watu au nataka kwenda huko, nani atanipa jukwaa? Majibu ndiyo yanayochanganya. Mmoja atakuambia tuma barua pepe kwa kumbi mia moja, moja itajibu. Mwingine atasema nenda na viza ya utalii, ukifika mambo yatajipa. Wa tatu atakupa namba ya "ajenti" anayetaka alipwe kwanza. Wa nne atakukatisha tamaa kabisa: bila jina kubwa, huendi popote.

Kila jibu lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana watu hupotea. Wanachochanganya ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, kupata shoo na kupata ruhusa ya kuipiga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Afisa wa uhamiaji anaisoma methali hiyo kinyume. Yeye hana shida na mgeni anayekaa tu, anayezunguka na kupiga picha. Wasiwasi wake unaanza akiliona jembe. Na kwa mwanamuziki, jembe ndilo hilo gitaa lililo mgongoni.

Maneno manne kabla ya yote

Promota ni mtu au taasisi inayoandaa shoo: inakodi ukumbi, inauza tiketi, inakulipa, na watu wasipokuja hasara ni yake. Ajenti ni anayekutafutia shoo kwa mapromota na kuchukua asilimia ya malipo, mara nyingi kati ya 10 na 20. Meneja anasimamia kazi yako yote, si shoo peke yake. Wa nne ndiye anayesahaulika, naye ni mdhamini. Simaanishi kampuni inayoweka bango lake nyuma ya jukwaa. Ni yule anayesimama mbele ya serikali ya nchi hiyo na kusema: huyu ninamleta mimi, anakuja kufanya kazi hii, kwa siku hizi.

Mtu mmoja anaweza kubeba kofia mbili au tatu. Promota mdogo akawa mdhamini. Ajenti akaandaa vibali. Lakini ukipata promota bila mdhamini, ulichonacho ni ahadi nzuri tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo muda mwingi wa wasanii hupotea: wanatafuta jukwaa, kumbe walipaswa kutafuta mwenyeji.

Kama tayari unaishi huko

Tutenganishe watu wawili. Wa kwanza amekwisha kuhamia, kwa masomo, kwa ndoa au kwa kazi nyingine. Wa pili anaishi kwao na anataka kwenda kupiga shoo na kurudi. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumponza mwingine.

Aliyehamia asianze na kumbi. Aanze na kibali chake cha ukaazi, akisome neno kwa neno. Uingereza, kwa mfano, mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kufanya kazi saa kadhaa kwa wiki, lakini masharti hayohayo yanamkataza kujiajiri na kufanya kazi kama mtumbuizaji. Maana yake mwanafunzi anaweza kuuza kahawa kwenye baa kihalali, na akavunja masharti kwa kupanda jukwaani kwenye baa ileile. Marekani nako mwanafunzi wa viza ya F-1 hafanyi kazi nje ya chuo bila idhini maalumu. Mwenye ukaazi wa kudumu, au ukaazi wa ndoa unaoruhusu kazi, kwa kawaida hana kikwazo hiki; yeye ni mwanamuziki wa mji kama wengine, tofauti ni lafudhi tu.

Ukishajua unasimama wapi, kazi halisi inaanza, na haianzii kwenye barua pepe. Inaanzia kwenye vikao vya wazi, vile ambavyo wapigaji hukutana usiku fulani wa wiki, bendi ya nyumbani ikafungua, kisha yeyote akaandika jina na kupanda. Miji mingi yenye maisha ya muziki ina usiku wa namna hii. Usiende kwa ajili ya hadhira. Nusu ya waliomo ukumbini ni wanamuziki, na hao ndio wanaojua nani anahitaji mpiga besi Alhamisi. Piga nyimbo mbili, shuka, kaa hadi mwisho, wasikilize wengine. Anayepiga na kuondoka hukumbukwa pia, ila si kwa uzuri.

Hapa kiburi huwa kikwazo kuliko lugha. Msanii aliyekuwa anaongoza bendi yake kwao hujiona anashuka cheo akiombwa kupiga gitaa nyuma ya mtu asiyemjua. Lakini mji mgeni haujui ulikuwa nani. Kupiga kwenye bendi ya mwingine kunakuingiza katika kumbi ambazo barua zako zisingefunguliwa, na mwenye ukumbi anakuona ukifika kwa wakati, ukijaribu sauti bila ugomvi, ukishuka jukwaani muda ulipokwisha. Miezi sita baadaye, ukiomba usiku wako mwenyewe, huombi kama mgeni.

Kuna pia barabarani na vituoni. Jijini New York, mamlaka ya usafiri imekuwa na mpango wa wanamuziki wa vituo tangu 1985. Paris ina wanamuziki wa metro wanaochujwa kwa usaili tangu 1997, na reli ya chini ya ardhi ya London ilianza leseni zake 2003. Mipango hii ina usaili na nafasi chache, na haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ambayo hakuwa nayo. Sarafu zinazodondoka kwenye kasha la gitaa, afisa anaweza kuziita mapato.

Kama unakwenda na kurudi

Kwa huyu wa pili kila nchi ina mlango wake, na milango haifanani.

Marekani ndiyo yenye mlango mzito. Huwezi kujiombea mwenyewe: mwajiri au ajenti aliyeko Marekani ndiye anayewasilisha ombi, likiambatana na ratiba, mikataba na barua ya maoni kutoka chama cha wafanyakazi kinachohusika, ambacho kwa wanamuziki mara nyingi ni American Federation of Musicians. Ombi likikubaliwa ndipo unakwenda ubalozini kwa ajili ya viza yenyewe. Aina zinazohusu muziki ni chache. O-1B ni ya mtu binafsi mwenye kipaji kilichothibitishwa kuwa si cha kawaida. P-1B ni ya kikundi kinachojulikana kimataifa, na angalau asilimia 75 ya wanakikundi wawe pamoja kwa mwaka mmoja au zaidi. Halafu kuna P-3, ambayo wengi hawaijui. Hiyo ni ya wasanii wa sanaa yenye upekee wa kitamaduni. Haidai uwe maarufu. Inadai uthibitishe, kwa barua za wataalamu na maandishi mengine, kwamba unachofanya ni cha asili ya utamaduni fulani na kwamba unakwenda kukionyesha au kukifundisha. Kikundi cha ngoma ambacho hakijawahi kuingia chati yoyote kinaweza kupita hapa, wakati bendi ya pop yenye wafuasi lukuki ikakwama kwenye P-1B.

Gharama nazo zimepanda. Tangu Aprili 2024 ada ya fomu kwa maombi ya O na P, ambayo ilikuwa dola 460, imevuka dola 1,000 kwa waombaji wakubwa (wadogo hulipa karibu nusu), na ombi moja halizidi watu 25. Ongeza mwanasheria na tiketi za ndege, uone kwa nini promota wa ukumbi wa watu 150 hajibu barua yako. Si dharau. Hesabu haikubali.

Uingereza ina milango kadhaa, na baadhi ni myepesi kuliko watu wanavyodhani. Mgeni wa kawaida anaweza kufanya kazi ya kulipwa ya muda mfupi ikiwa ni msanii wa kweli, amealikwa na taasisi ya sanaa, ajenti au mtangazaji wa huko, mipango imekamilika kabla ya safari, na kazi inafanyika ndani ya siku 30 za kwanza. Zamani hii ilikuwa njia ya pekee yake. Tangu Januari 31, 2024 imeingizwa ndani ya viza ya kawaida ya mgeni. Kuna pia orodha ya matamasha yaliyosamehewa, kama Glastonbury na Edinburgh Festival Fringe, ambako mgeni anaweza kupiga na kulipwa. Kwa ziara ndefu ipo viza ya Creative Worker, hadi miezi 12, lakini hiyo inahitaji mdhamini mwenye leseni akupe hati ya udhamini.

Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ndiyo inayowadanganya wengi. Viza moja inakuruhusu kuzunguka nchi zote za eneo hilo, siku 90 katika kila siku 180, na mtu anadhani basi na ruhusa ya kazi ni moja. Ni kama kupewa ufunguo wa geti la nje: umeingia uani, lakini kila chumba kina mwenyewe. Ruhusa ya kazi hubaki mikononi mwa kila nchi. Ujerumani na Ufaransa zina misamaha kwa maonyesho ya muda mfupi, hadi miezi mitatu. Jirani zao wana vipimo vyao. Habari njema ni kwamba kuna madawati ya kuwasaidia wasanii wanaovuka mipaka: touring artists kwa Ujerumani, MobiCulture kwa Ufaransa, Cultuurloket kwa Ubelgiji, DutchCulture kwa Uholanzi. Kwa Marekani, shirika la Tamizdat la New York limejikita katika viza za wasanii. Waulize hao kabla ya kumuuliza binamu aliyewahi kupita.

"Lakini napiga bure"

Hii ndiyo imani iliyoenea kuliko zote, na inafaa tukae nayo kidogo.

Mantiki yake inaonekana safi: kazi ni ile unayolipwa, silipwi, basi sifanyi kazi. Machi 2017 bendi ya Italia iitwayo Soviet Soviet ilitua Seattle ikielekea kwenye tamasha la SXSW kule Austin, na shoo chache njiani. Walikuja kwa utaratibu wa kuingia bila viza. Kwa maelezo yao wenyewe, walisema shoo zile ni za kujitangaza tu na hawalipwi. Maafisa wakatazama upande mwingine wa mlango: ukumbi unatoza kiingilio? Unatoza. Basi kuna biashara hapa, na ninyi ni sehemu yake. Walilala mahabusu usiku huo, wakarudishwa Italia siku iliyofuata.

Kwa hiyo swali la afisa si "unalipwa?" peke yake. Anauliza kama kuna mtu anayepata pesa kwa sababu wewe umesimama pale, na kama nafasi hiyo angeweza kuishika mwanamuziki wa nchi yake. Mlo, chumba cha kulala na nauli navyo vinaweza kuhesabiwa kuwa malipo. Na kusema "nimekuja kutalii" huku tangazo lenye sura yako na tarehe liko mtandaoni ni kosa jingine kabisa. Sasa umesema uongo mbele ya uhamiaji, na jambo hilo hukufuata kwenye kila fomu ya viza utakayojaza baadaye.

Barua ya mwaliko nayo isikuvimbishe kichwa. Ni ushahidi unaoambatana na ombi. Si viza.

Shoo moja ya kusimamisha safari

Sasa turudi kwa yule aliyeambiwa atume barua mia. Kasoro ya ushauri ule ni kwamba unaichukulia kila shoo kama jambo linalojitegemea. Ziara za kweli hujengwa kama hema: nguzo moja katikati, kisha kamba. Nguzo ni shoo moja kubwa kiasi, mara nyingi tamasha, ambayo mwandaaji wake analipa vizuri, anajua vibali, na yuko tayari kuwa mdhamini au kukuunganisha na mdhamini. Ikisimama hiyo, kumbi ndogo zilizo njiani hujazwa kwa bei nafuu, kwa sababu nauli na karatasi zimekwisha kupata mwenyewe.

Matamasha hupanga mapema, miezi tisa hadi kumi na miwili kabla, na kumbi ndogo miezi mitatu hadi sita. Anayeandika Mei akitaka tamasha la Julai amechelewa kwa mwaka mzima, hata kama muziki wake ni mtamu. Soma pia mkataba wa hiyo nguzo kwa makini. Matamasha mengi huweka kifungu kinachokukataza kupiga mahali pengine ndani ya umbali fulani, wiki kadhaa kabla na baada. Wapo waliojaza kalenda kisha wakagundua nusu ya kamba zao ni marufuku.

Waandaaji wenyewe wanapatikana wapi? Hukutana kwenye masoko ya muziki. WOMEX, iliyoanza Berlin mwaka 1994, ni kubwa kwa muziki wa dunia; MASA, soko la sanaa za jukwaani la Abidjan, Côte d'Ivoire, imekuwapo tangu miaka hiyohiyo ya tisini; SXSW tangu 1987. Wasanii huomba, wachache huchaguliwa kupiga dakika 30 au 45 mbele ya wanunuzi wa shoo. Mara nyingi shoo hizi hazilipi, na nauli inaweza kuwa juu yako. Fikiria mkulima anayepeleka mchele wa kuonja sokoni: kuonjesha hakuna faida, faida ni magunia yatakayoagizwa. Lakini usiende kuonjesha kama ghala ni tupu, mwandaaji akiuliza "unaweza kuja Julai?", uwe na jibu, na uwe na mtu wa kufuatilia.

Vituo vya utamaduni kama Goethe-Institut na Alliance Française navyo hujenga madaraja ya namna hii, kwa kuwa vina kumbi, na wakati mwingine bajeti ya kubadilishana wasanii.

Njia nyingine ni hoteli na meli za kitalii. Hapa unaajiriwa kwa miezi, unapiga nyimbo za wengine usiku kwa usiku, na karatasi hushughulikiwa na mwajiri. Si kila msanii anaipenda, ila inalipa na inamfunza mtu nidhamu. Ndipo pia matapeli wanapovua. Anayetaka "ada ya usajili" ili akupe kazi melini anakwenda kinyume cha Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao hauruhusu baharia, na mwanamuziki aliyeajiriwa melini kwa kawaida huhesabiwa baharia, atozwe gharama ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia ni vitu kama pasipoti na cheti cha afya. Ajenti halali wa shoo naye hula baada yako: akitaka kula kabla, muache na njaa yake.

Na wafuasi mtandaoni? Wanasaidia, lakini promota wa mji fulani haulizi una wafuasi wangapi duniani. Anauliza wangapi wako katika mji wake na wangapi watanunua tiketi usiku wa Jumanne. Programu za kusikilizia muziki humwonyesha msanii miji wanakotoka wasikilizaji wake. Namba hiyo ndogo, ya mji mmoja, ina uzito kuliko laki za jumla.

Kinachobaki mfukoni

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi, ingawa machozi hapa ni mengi. Kwa kawaida msanii hutozwa kodi katika nchi anayopiga shoo, hata akikaa usiku mmoja tu, na nchi nyingi hukata juu kwa juu kabla hujashika pesa. Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ghafi. Ukiahidiwa dola 2,000, zinakatwa 600, na afisa wa kodi hana habari kwamba tiketi ya ndege ilikula 1,200. Uingereza hukata asilimia 20, ila si ikiwa malipo yako yote ya mwaka huko hayavuki pauni 12,570. Ujerumani ni asilimia 15 na nyongeza kidogo juu yake, lakini malipo yasiyozidi euro 250 kwa msanii kwa shoo husamehewa. Kuna njia za kupunguza makato, nyingi zikihitaji maombi kabla ya shoo, kwa hiyo mkataba useme wazi: kiasi hiki ni kabla ya kodi au baada? Daima dai hati ya makato, maana bila hiyo unaweza kutozwa tena kwenu.

Kama nyimbo ni zako, acha orodha yake kwa mwandaaji kila usiku na uipeleke kwenye chama chako cha hakimiliki. Vyama hivi vina mikataba na wenzao wa nje, na mrabaha wa shoo ni pesa tofauti na malipo ya usiku ule.

Ala nayo inavuka mpaka. Nchi nyingi hupokea hati iitwayo ATA Carnet, inayodumu mwaka mmoja, ambayo huwaambia forodha kwamba vyombo hivi vimekuja kwa muda na vitarudi, visitozwe ushuru. Gitaa la zamani la mti wa rosewood wa Brazil, au ala yenye pembe za ndovu, linahitaji cheti cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mpingo, mti unaochongwa filimbi aina ya klarineti na obo, uliingizwa kwenye udhibiti huo Januari 2017 na kuleta vurugu kwenye viwanja vya ndege. Tangu Novemba 2019 ala za mpingo zilizokamilika zimesamehewa. Na ngoma ya ngozi, ukiingia nayo Australia, itamke kwenye fomu kabla haijatamkwa na mbwa wa uwanja wa ndege.

Barua ya kwanza

Basi ukimwandikia mwandaaji, barua iwe fupi: wewe ni nani kwa sentensi mbili, kiungo kimoja cha video ya jukwaani isiyo na ukarabati wa studio, idadi ya watu katika bendi, wiki utakazokuwa eneo hilo, na mji mmoja jirani ambako tayari una tarehe. Halafu weka maswali mawili ambayo wengi huona aibu kuyauliza: mmewahi kumleta msanii kutoka nje, na nani alishughulikia kibali chake? Anayejua kazi hii atakujibu kwa mistari miwili, pengine na jina la mtu wa kumwandikia. Anayekwambia "njoo tu, tutaona ukifika" amekujibu pia.